Kwenda Kilwa peke yako ukitokea Dodoma: maswali ninayoulizwa kila mara

Nimeshaenda Kilwa mara tatu, zote peke yangu, na kila nikirudi hapa Dodoma maswali ni yale yale, kazini, saluni, kwenye grupu la ukoo, mpaka jirani zangu wa Nkuhungu wakiniona na begi wananisimamisha. Nimeona niyaandike sehemu moja. Na niseme mapema msimamo wangu: Kilwa siyo mji wa kwenda kupiga picha na kugeuza, ule mji unataka mtu mwenye siku zake na asiye na haraka, na mtu aliyeenda peke yake anaufaidi kuliko kundi.

## Ya mwanzo kabisa

Kilwa ipi hasa? Mbona nasikia Kilwa tatu?

Ni kweli ziko tatu na zote zipo wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi. Kilwa Kisiwani ndo ile ya zamani yenyewe, kisiwa chenye magofu, ukiwa ng'ambo unakiona kabisa kwa macho. Kilwa Kivinje ni mji wa karne ya 19, wa biashara ya pembe na watumwa, baadae Wajerumani wakaweka boma lao pale. Kilwa Masoko ndo makao makuu ya wilaya sasa hivi, ndo kwenye gesti, benki, bandari na ofisi, kwahiyo unalala Masoko alafu nyingine unaziendea kutokea hapo.

Kuna nini cha kuona zaidi ya mawe?

Hili swali linaniumaga kidogo, kwasababu sisi watu wa bara tumesoma Kilwa darasani kwa mistari miwili tu, dhahabu na Waarabu, basi. Ule mji ulikuwa unashika biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, na sarafu zake za shaba zilikuwa zinapigwa pale pale Kilwa zikiwa na majina ya masultani wake. Moja imeokotwa Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 askari mmoja aliokota kadhaa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331 akausifia kuwa ni kati ya miji mizuri, na sultani aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman, watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa anatoa. Alafu mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida wakaupora.

UNESCO iliweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, miaka 25 kabla ya michoro yetu ya Kondoa ambayo iliingia 2006. Mwaka 2004 ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini maana kuta zilikuwa zinabomoka na bahari inakula ufukwe, zikafanyika kazi za ukarabati, ikatolewa huko 2014. Kwahiyo unachokiona leo kuna watu wamekipigania.

Nikae siku ngapi?

Nne zikiwa chache, tano ndo nzuri. Moja ya Kisiwani, moja ya Songo Mnara, moja ya Kivinje, na hizo nyingine za kukaa tu ufukweni Jimbizi au kwenye baraza la gesti unatazama mashua. Usizione za bure hizo, mi vitu vingi nimevielewa siku ambayo sikuwa na ratiba yoyote. Kama una wikiendi tu nenda swali la wikiendi huko mwisho.

## Kufika

Kutoka Dodoma naendaje?

Safari inakatika vipande viwili na inakatikia Dar. Mi napanda SGR, ile treni ya umeme, asubuhi, tangu ilipoanza kubeba abiria kuja Dodoma mwaka 2024 sijapanda basi tena kwenda Dar kama nina uchaguzi, ni chini ya masaa manne unashuka mjini kabisa, na ilipoanza nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Tembea na kitambulisho na ufike stesheni mapema, treni haikusubiri kama noah. Ukipenda basi stendi ni Nane Nane kama kawaida.

Sasa kosa ambalo wengi wanafanya ni kutaka kuunganisha siku hiyo hiyo. Mabasi ya kusini mengi yanaondoka asubuhi, na mengi yanapakia upande wa Mbagala Rangi Tatu, kwahiyo lala Dar, tena ulale upande huo huo wa Mbagala au Temeke, usilale Sinza alafu saa kumi alfajiri uanze kutafuta usafiri. Kuna basi za moja kwa moja mpaka Masoko, ukikosa panda ya Lindi au Mtwara ushuke Nangurukuru, pale ni njia panda, unapata gari ndogo au bajaji ya kuingia Masoko. Mwambie kondakta mapema kuwa unashuka Nangurukuru na umkumbushe mkishapita Somanga.

Dar mpaka Masoko ni kama kilomita 300, lami, kaa dirishani. Mkivuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa tazama chini, sisi tuliozoea makorongo ambayo maji yanapita miezi miwili mitatu alafu yanabaki mchanga, kuona mto mpana vile una maji mwaka mzima ni kitu kingine.

Niende mwezi gani?

Juni mpaka Oktoba. Kusi inavuma, joto linavumilika, njia kavu. Machi na Aprili usiende kwasababu mvua ya kule siyo kama ya kwetu inayonyesha jioni ikaisha, na barabara inaweza kukatika kabisa, Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya ilikatika pale Somanga watu wakakwama. Desemba mpaka Februari unaweza, ila jiandae na joto la unyevu. Joto la Dodoma ni kavu, ukikaa kivulini umepona, la kule hata kivulini shati linaloa. Beba nguo za pamba na chupa ya maji kubwa.

Bajeti ikoje?

Sitaji bei maana zinabadilika na mtu akifika akikuta nyingine ananilaumu. Ila mgawanyo uko hivi: gesti na chakula Masoko ni vya kawaida kabisa, kiingilio cha magofu kwa Mtanzania ni kidogo (beba NIDA), kinachokula hela ni mashua, hasa ya Songo Mnara ambayo ni ya injini na mafuta yake ni yale yale muwe watu sita au uwe mmoja. Peke yako hapo ndo unapoumia. Mi huwa nauliza gesti na pale ofisi ya vibali kama kuna watu wanaenda nichangie nao, na mara mbili nimepata. Toa cash ya kutosha ukiwa Dar, Masoko benki ipo ila mashine ikigoma siku ya Jumamosi unabaki unatazamana nayo.

## Kuwa peke yako

Yaani unaenda peke yako? Una nini?

Sina kitu, sijafiwa, sijaachika, wala sina mtu kule. Nafanya kazi ofisini siku tano, Jumamosi kuna msiba au harusi, Jumapili kanisani, nyumbani tuko saba, kwahiyo siku nne za kuamka na kuamua mwenyewe nageukia kulia au kushoto ni kitu nakithamini sana na sioni haya kusema hivo.

Kule nako watakuuliza, ila kwa namna yao: "Umekuja kwa nani?" Wanataka kujua mwenyeji wako. Ukijibu "sina mtu, nimekuja kutembea, natokea Dodoma", hapo mazungumzo ndo yameanza, watakuuliza bunge, watakuuliza zabibu, watakuuliza ukame. Mama mmoja wa vitumbua pale Kivinje alinisikiliza mpaka mwisho, akasogea kwenye kibao, akasema "basi kaa hapa mwanangu, mgeni hali chakula amesimama." Nilikaa karibu saa nzima. Aliniletea chai ya rangi ya mchaichai, na kila mteja aliyekuja alitambulishwa kwangu kwamba huyu ametoka Dodoma kuja kutuona. Mkiwa kundi la watu wanane hamkai kwenye kibao cha mtu.

Dada naweza kwenda peke yangu bila usumbufu?

Mimi ni dada na nimeenda mara tatu. Salamu ndo ulinzi wako wa kwanza: shikamoo kwa kila aliyekuzidi, usipite barazani kwa watu kama umepita nyika. Mavazi, ni mji wa Waislamu wengi, gauni refu au suruali pana na mtandio begani imetosha, kanga mbili zitakusaidia kwenye kila kitu, kujifunika kwenye mashua, kukalia, kujitanda ukiingia msikitini hata kama ni gofu. Nguo ya kuogelea iwe ya ufukweni tu, na ukitoka hapo jifunge kanga.

Usiku nilikuwa nipo gesti saa mbili, siyo kwasababu kuna kitu kilinipata, ila mji unalala mapema na taa za barabarani ni chache. Chukua namba ya bajaji mmoja ambaye wenye gesti wanamjua, umtumie huyo huyo siku zote.

Chakula je? Mi samaki hatupatani.

Kuku na maharage yapo, hutakufa njaa. Ila nakuomba ujaribu. Samaki tunaowala Dodoma wengi wamesafiri na barafu, ule ugomvi wako na samaki inawezekana ni ugomvi na barafu. Changu aliyetoka majini asubuhi, akachomwa na chumvi na ndimu, na wali wa nazi pembeni, harufu ile ya samaki unayoikimbia haipo. Pweza wa nazi ndo usimkose. Asubuhi ni vitumbua, mihogo, mkate wa kumimina, na supu ya pweza kwa wanaoiweza.

Ugali wa uwele na mlenda hautaupata, usiulize.

## Magofu yenyewe

Kibali kinapatikanaje na mashua napandia wapi?

Magofu yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na huwezi kujiendea tu. Unaanza Masoko mjini, unajiandikisha, unalipa, unapewa risiti na muongozaji, alafu mnashuka bandarini. Kisiwani ni karibu, kama kilomita mbili za maji, mashua ya tanga inakupeleka taratibu au ya injini kwa dakika chache. Chukua ya tanga.

Nina dukuduku moja hapa. Safari yangu ya kwanza nahodha mmoja tulikubaliana bei bandarini, wakati wa kurudi tukiwa katikati ya maji akaniambia ile ilikuwa ya kwenda tu. Nilikuwa peke yangu na yeye na mwenzake, nikalipa. Siku hizi nasema mbele ya muongozaji: bei hii ni ya kwenda, kusubiri na kurudi, na nusu nalipa tukirudi nchi kavu. Waliobaki wote nimesafiri nao vizuri sana ila hilo lisikupite, hasa ukiwa mmoja.

Siku ya Kisiwani inakuwaje? Masaa mawili yanatosha?

Yanatosha kwa picha. Mi nakwenda saa mbili asubuhi narudi kumi jioni na sijawahi kuona muda umebaki. Uliza kabla maji yanakupwa saa ngapi, maana yakipwa mashua haifiki karibu unashuka kwenye tope na viatu mkononi.

Unapokelewa na Gereza. Ni ngome, Wareno walijenga yao pale 1505 na hii unayoiona ni ya Waomani waliyoijenga upya kama mwaka 1800. Kinachosemwa na wataalam wa lugha ni kwamba hilo neno gereza lilitoka kwenye Kireno, neno lao la kanisa, likazunguka kwenye ngome mpaka likafika kwenye jela. Nilifikiria sana hilo, maana mtu wa Dodoma ukimtajia gereza anaona Isanga, jela yetu ya hapa.

Alafu Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11, ile kubwa ya kusini yenye nguzo na kuba iliongezwa baadae, na mpaka karne ya 16 pwani yetu hii haikuwa na msikiti mkubwa kuuzidi. Muombe muongozaji akupe dakika ishirini peke yako humo ndani. Jua linaingia kwa vipande, linahama nguzo moja baada ya nyingine, kuna mijusi na ubaridi wa ajabu chini ya zile kuba. Weka kiganja ukutani taratibu. Utaona kwamba siyo jiwe kama majabali yetu ya hapa, ni tumbawe, limejaa vishimo vidogo vidogo kama nyota, kila kishimo kilikuwa nyumba ya mdudu wa baharini, na chokaa iliyoyashika ni tumbawe hilo hilo lililochomwa. Yaani bahari ndo imejenga mji.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, mnatembea katikati ya kijiji na mashamba, watu wanaishi kule siyo makumbusho, salimia. Ilijengwa na yule yule al-Hasan bin Sulaiman karne ya 14 mwanzoni, vyumba zaidi ya 100, juu ya mwamba unaotazama bahari, na kuna bwawa la kuogea la pembe nane. Kaa ukingoni mwa lile bwawa. Mi natoka kwenye mkoa ambao ndoo ya maji ina bei, kuona mtu miaka karibu 700 iliyopita amechonga bwawa lenye pembe nane juu ya jabali ilinichukua muda kuondoka pale.

Na utakuta mibuyu. Hakuna aliyeniambia kabla. Mibuyu mikubwa kama ya njia ya Iringa, imesimama kati ya makaburi na kuta, nikajikuta nimetulia kama niko kwetu.

Kile kisa cha kisiwa kununuliwa kwa nguo ni kweli?

Ni simulizi ya Kilwa wenyewe na ni ya zamani. Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shirazi, akamkuta mwenye kisiwa, wakapatana kwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Wakati huo maji yakipwa mtu anavuka kwa miguu, na yule wa kwanza alipojuta akataka kurudi na jeshi, akakuta mkondo umechimbwa maji hayakauki tena. Historia ya wanaakiolojia haiendi hivo moja kwa moja, mji ulikuwepo na wenyeji wa Kiafrika kabla. Ila msikilize muongozaji akikusimulia huku anakuonyesha ule mkondo, usimkatishe.

Songo Mnara inastahili hela na usumbufu wote huo?

Kwangu mimi ndo bora kuliko zote. Ni mwendo mrefu kusini, unashuka unavuka kwenye maji na mikoko, siku nyingine hamna mgeni mwingine kisiwa kizima. Ni mji wa karne ya 14 na 15, nyumba zaidi ya thelathini, misikiti mitano, unapita mlango mmoja unatokea ua wa jirani.

Mi nilisimama kwenye chumba kimoja nikanyoosha mikono nikashangaa kwanini watu matajiri vile wana vyumba vyembamba, virefu lakini vyembamba. Muongozaji akaniambia paa lilikuwa bapa, limelalia boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita mbili na nusu, tatu, kwahiyo mti ndo uliamua upana wa chumba. Nikamwambia babu yangu alikuwa na tembe, paa bapa, miti juu na udongo, na chumba chembamba kwa sababu ile ile. Tukakaa pale tunachoreana kwenye mchanga, yeye ananichorea nyumba ya Songo Mnara mimi namchorea tembe la Kigogo. Hicho ndo kitu nilichorudi nacho, siyo picha.

Viatu vya kulowa, maji ya kunywa na chakula vya kutosha, kule hakuna duka.

Kivinje kuna nini?

Boma la Wajerumani, nyumba za ghorofa zilizochoka zenye milango ya kuchongwa, soko la samaki. Na Mwembe Kinyonga, mnara wa kumbukumbu pale ambapo Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wa Majimaji, vita ya 1905 mpaka 1907 iliyoanzia huku huku Umatumbi, watu waling'oa pamba walizolazimishwa kulima. Nenda asubuhi, ukae kimya kidogo, alafu nenda kwenye vitumbua.

## Yanayobaki

Nikienda Ramadhani?

Inawezekana ila mchana migahawa mingi imefungwa na hutakula barabarani. Jioni lakini, futari ya pwani ina tambi, mihogo ya nazi, kaimati, na mgeni aliye peke yake hasahauliki, mimi niliitwa nyumba mbili siku moja.

Sijui kuogelea, mashua naiogopa.

Hata mimi sijui. Omba jaketi ya kuokolea kabla hujakanyaga mashua, isipokuwepo tafuta mashua nyingine, hili usione aibu. Vuka asubuhi bahari ikiwa imetulia, mchana upepo unaongezeka.

Malaria?

Ipo kuliko Dodoma mjini. Lala kwenye neti, kagua matundu, na ukirudi ukisikia homa ndani ya wiki mbili tatu kapime na umwambie daktari ulikuwa pwani.

Nina wikiendi tu.

Basi safari ya basi na treni itakula siku zako zote mbili. Subiri upate likizo.

Niunganishe na Mikindani?

Ukiwa na wiki nzima ndiyo, iko karibu na Mtwara, mji mdogo wa zamani na boma lake la 1895, na ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Usikate siku za Kilwa kwa ajili yake.

Nimeona vigae na shanga chini, naweza kuchukua kimoja cha kumbukumbu?

Hapana. Ni kosa kisheria, na kile kigae kikitoka pale kinakuwa takataka tu kwenye kabati lako, kikibaki pale kinamwambia mtaalam nani alikula na sahani ya China na nani alikula na chungu. Kipige picha ukiache kilipolala.

Nikuagize nini ukienda tena?

Korosho nabeba, nazi nabeba chache maana nzito. Samaki mbichi sibebi. Wale bibi zetu wanaotaka maji ya bahari, leteni chupa yenye kifuniko kinachokaza, lita moja kila mtu, na jina liandikwe juu kwa maka peni.